Jirani yangu kaunguliwa nyumba usiku wa Krismasi, na waliokuja kuzima hawalipwi hata senti. Wananiita nijiunge nao, nifanyeje?

Theluji_Kiunoni

Assalaam alaykum na habari za saa hizi wakuu.

Nipo kaskazini mwa jimbo la New York, upande wa Ziwa Ontario, huku ambako theluji ikianza kutoka ziwani inaweza kufunika gari lako kabla hujamaliza kunywa chai. Kwetu ni Kilwa. Kazi yangu ni kuhudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea, nyingi ni zamu za usiku.

Usiku wa Krismasi nilikuwa sina zamu. Mke wangu akaniita dirishani: "Njoo uone, kwa yule bibi mbona kuna mwanga?" Nikatazama, baraza la nyuma linawaka na moto umeshashika ukingo wa paa. Nikapiga 911, nikavaa buti, nikatoka mbio. Bibi mwenyewe alishatoka, kajifunga blanketi, paka kifuani.

Sasa kilichonishangaza ni waliokuja. Kabla gari kubwa halijafika, yalikuja magari madogo ya watu binafsi, taa ya buluu inamweka kwenye kioo cha mbele. Wa kwanza nikamtambua, ndiye anayenifungia matairi ya baridi kila Novemba. Wa pili ni mwalimu wa sayansi wa binti yangu, ndani ya lile koti zito kavaa suruali ya kulalia yenye picha za kulungu. Wameacha meza zao na wageni wao. Mpaka karibu na alfajiri walikuwa bado wanavuta mipira. Nyumba kwa nyuma imekwisha, kwa mbele imesimama.

Kesho yake yule wa matairi akaniambia, "Tuna upungufu wa watu, njoo Jumatatu kwenye mazoezi." Toka hapo sipati usingizi. Sina uraia, nina kadi ya kijani tu. Nina ndevu na sitaki kuzinyoa. Nina miaka 46 na mgongo wangu ndiyo huo wa kunyanyua wagonjwa. Na mama watoto kasema neno moja tu: "Hapana."

Kuna mwenzetu yeyote humu anayefanya kazi hii? Naomba ukweli, si sifa.

---

Mtoto_wa_Temeke

Mkuu acha utani. Umevuka bahari kutafuta maisha, leo unataka kuungua bure kwa nyumba isiyo yako, mshahara sifuri, na mke kakataa. Ukilemazwa huko nani atakayetuma hela nyumbani? Waachie wenye nchi yao.

---

Fundi_Basi_Tanga

Waalaikum salaam mdogo wangu wa Kilwa. Nimo kwenye kazi hiyo tangu watoto wangu wakiwa shule ya msingi, na sasa mkubwa kashaoa. Kituo chetu kipo mashariki ya kwako, jimbo hilohilo, kijiji chenye makanisa mawili, kituo kimoja cha mafuta na ng'ombe wengi kuliko watu. Riziki yangu ni ufundi wa mabasi ya shule. Kwa hiyo nitakujibu kifundi.

Iondoe kwanza kichwani ile picha ya mtu anayetoka kwenye moshi kabeba mtoto. Ipo, lakini vijijini huku moto ni habari ya maji. Hatuna mabomba ya zimamoto barabarani. Gari letu la kwanza linakuja na galoni 1,000, kama lita 3,800. Mpira mmoja wa kuingia nao ndani unamwaga kiasi cha galoni 150 kwa dakika. Piga hesabu mwenyewe: dakika sita na ushei, maji yamekwisha. Ukifungua mpira wa pili, ni dakika tatu. Baada ya hapo waliomo ndani wameshika mpira mtupu kwenye moshi mweusi. Ndiyo maana nyumba ikiwaka, watu wa 911 wa kaunti wanaamsha vituo vitatu vinne kwa mpigo, na wengi wa wanaokuja moto wenyewe hawauoni. Kazi yao ni boza, yaani gari la tangi la maji, na barabara, kwenda na kurudi.

Mimi ni dereva wa boza, na Krismasi ni yangu. Hakuna aliyenipangia, ilijipanga yenyewe. Kituo kina kanuni kwamba aliyeonja pombe, hata bia moja, haji. Haya, usiku wa Krismasi kijiji kizima nani hajaonja? Sikukuu ina jema lake, watu wapo majumbani. Jumanne saa nane mchana unaweza kupiga king'ora mpaka kikauke koo, wote wapo makazini maili thelathini kutoka hapa, utapata wazee wawili na mimi. Krismasi wote wapo, ila nusu wameshika glasi. Hapo ndipo Mswahili asiyekunywa, mwenye leseni ya gari kubwa, anatafutwa kama mwezi wa Idi. Na Idi ikifika mambo yanageuka. Peja yangu, kile kidude kinacholia kutuita motoni, naizima, na chifu mwenyewe ananiambia akiniona kituoni siku hiyo atanifukuza.

Nikusimulie Krismasi moja ujue unaingia wapi. Baridi nyuzi 20 chini ya sifuri, za Selsiasi, upepo juu yake. Nyumba ya shamba, ya mbao, ya zamani. Chanzo kilikuwa majivu. Baba mwenye nyumba kasafisha jiko la kuni asubuhi ili wageni wakute pasafi, majivu kayatia kwenye boksi la karatasi, boksi kaliacha barazani. Majivu ya kuni yanaweza kuficha kaa hai siku mbili, tatu, hata nne. Yatie kwenye ndoo ya chuma yenye mfuniko, uipeleke mbali na ukuta. Nakwambia wewe na wote mnaosoma mkiwa na majiko hayo. Sishangai kusikia la bibi yako nalo limeanzia barazani.

Na zile nyumba za miaka ya mwisho ya 1800 na mwanzo wa 1900 zina siri yake. Nguzo za ukuta zinapanda moja kwa moja kutoka msingi mpaka darini, na uwazi wa katikati haujazibwa popote. Moto ukiingia ukutani kwa chini, unatokea darini huku sebuleni watu bado wanafungua zawadi. Sisi tulipofika chini palikuwa na moshi tu, juu panaunguruma. Vijana wakaingia na upondo wenye ndoano, kazi yao kung'oa ubao wa dari na kuufuata moto ndani ya kuta. Sheria ya kazi inataka wakiingia wawili, wawili wengine wasimame nje na mitungi ya hewa mgongoni, tayari kuwafuata. Mtungi wenyewe unaitwa wa dakika thelathini. Ukiwa unabomoa dari hufiki hata ishirini.

Mimi huku barabarani nikamwaga boza kwenye bwawa la turubai, lile linalokunjuliwa chini kama kitanda, gari la pampu linyonye humo, nikageuka kwenda kuteka tena. Pa kuteka ni bwawa la mkulima, maili mbili. Limeganda. Wenzetu wa kituo cha jirani walishatangulia na chenso, wakakata tundu kwenye barafu na kuzamisha bomba la kunyonyea. Ndivyo tulivyokesha, maboza manne yanapishana kwenye njia ya theluji isiyotosha mawili, mtu wa mchanga na chumvi anatumwagia mbele ya tairi. Mipira nayo haifungwi kabisa, lazima mdomo uachwe unatiririka kidogo, la sivyo maji yanaganda humo na mpira unakuwa mti. Kijana mmoja koti lake liligandia mwilini, tukalivunja barafu kwa kiganja ndipo likafunguka.

Familia tuliiweka wapi? Nilimpigia simu msimamizi wangu wa kazini, akaja mwenyewe na basi la shule, hita imewashwa mpaka mwisho. Watoto, bibi, mbwa, wageni waliotoka mjini, wote humo. Kina mama wa kituo wakaleta kahawa na supu na mikate. Mikate yote nyama ya nguruwe, isipokuwa mmoja wa mayai, umefungwa kwenye karatasi yenye jina langu. Asubuhi wakafika Msalaba Mwekundu, wakawapa familia hela ya hoteli na nguo.

Ghorofa ya juu hatukuiokoa, nisikudanganye. Lakini kulikuwa na chumba kimoja cha binti, mlango wake ulikuwa umefungwa. Korido nje imekuwa mkaa, ndani pazia halijaungua. Tangu siku ile nyumbani kwangu hakuna anayelala mlango wazi.

Haya, maswali yako. Uraia kwetu hawakuniuliza, waliniuliza makazi. Ulizia na kwako, vituo vina taratibu zake. Jimbo litakukagua kama umewahi kuhukumiwa kwa kuchoma moto mali ya watu, maana wapo wanaojiunga kwa kuupenda moto kuliko kuuzima. Kisha unapimwa na daktari. Mafunzo ni jioni na Jumamosi, bure, na ni marefu. Faida ya fedha ni punguzo la dola 200 kwenye kodi ya jimbo, usije ukanunua nalo kiwanja.

Temeke, hoja yako ya kulemaa ni ya haki. New York ina sheria ya fidia kwa wazimamoto wa kujitolea tu, ukiumia kazini unatibiwa na unalipwa kiasi. Kiasi. Asitegemee kujengea nyumba.

Ndevu: barakoa ya hewa lazima igande kwenye ngozi, unywele ukipita hapo katikati moshi unaingia. Hawatakupa barakoa na ndevu, na wako sahihi. Lakini si kila mtu anaingia ndani. Kuna wa nje: boza, pampu, ngazi, taa, kusimamisha magari barabarani. Nina ndevu zangu mpaka leo. Waswahili walisema mwenzako akinyolewa zako tia maji. Mimi zangu nimezitia maji kwa boza zima.

La mke sikujibu. Hilo ni zito kuliko yote na hapa wapo wanaolijua vizuri kuliko mimi.

---

BintiMsambweni

Shikamoo mzee Fundi. Nami nipo Pennsylvania, mume wangu ni wa kuingia ndani, na mimi ni nesi, basi hilo la mke nitaliweza.

Shemeji wa Kilwa, mkeo hakatai kwa sababu ya moto peke yake. Peja haina adabu. Italia mkiwa na wageni, italia unapomfundisha mtoto kuendesha gari, italia saa tisa usiku na wewe utaruka, yeye ndiye atakayebaki macho mpaka urudi. Nyingi ni kengele za uongo, au gari limeingia mtaroni. Anakesha vilevile. Krismasi iliyopita nilipika pilau la watu kumi na wawili, tukala saba, wengine wote walikuwa wa kituo kimoja.

Na kuna jambo wanaume hamlisemi: harufu. Si harufu tu. Mwaka 2022 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliiweka kazi ya zimamoto kwenye kundi la kwanza, maana yake inasababisha saratani kwa binadamu. Moshi wa nyumba za siku hizi ni makochi ya sponji na plastiki. Kwa hiyo mimi nina sheria zangu: vazi la moto haliingii ndani ya nyumba wala kwenye gari linalobeba watoto, linafuliwa kituoni kwenye mashine yake, na mtu akirudi anaoga kabla ya kumgusa yeyote. Hata kama kaja na machozi.

Mzee wa boza naye anavuta moshi wa dizeli usiku kucha, asijione kasalimika.

Nikimaliza: mpeleke mkeo kituoni siku ya chakula cha kuchangisha fedha, ile ya kuku wa kuchoma. Akutane na wake za wenzio. Mimi niliambiwa hivyo na sikutaka, nikaenda kwa hasira. Nikamkuta mama mmoja mtu mzima akaniambia nimpigie simu kila peja inapolia, hata saa tisa. Nampigia mpaka leo.

---

Mngoni_Niedersachsen

Huku Ujerumani ndiyo mfumo wenyewe. Wazimamoto wa kujitolea ni watu wapatao milioni moja, nje ya miji mikubwa karibu hakuna wengine. Mwajiri hawezi kukuzuia king'ora kikilia, na mshahara wa saa ulizokosa anarudishiwa na halmashauri.

Sikukuu kwetu hatari ni mbili. Wapo mpaka leo wanaowasha mishumaa ya kweli kwenye mti wa Krismasi, na mti uliokauka wiki tatu sebuleni unalipuka, haukusubiri. Ya pili ni fataki na vingine vinavyorushwa mwaka mpya. Usiku wa kuamkia 2020, kule Krefeld, taa za karatasi zilizorushwa angani ziliangukia nyumba ya nyani kwenye bustani ya wanyama, wakafa zaidi ya thelathini. Mimi mkesha wa mwaka mpya sijawahi kuumaliza mezani.

Lugha isikutishe, mkuu. Kwenye redio maneno ni machache na yanajirudia.

---

Mbagala_Kizuiani

Nawasoma nikiwa Dar. Sisi huku majirani ndio kikosi cha kwanza. Unapiga 114 na wakati huohuo watu wameshatoa ndoo, wengine mchanga, wengine wako juu wanabomoa bati la nyumba ya pili lisifikiwe. Hakuna aliyefundishwa. Mwaka jana mtaani kwetu kijana alimwaga maji kwenye moto wa jikoni, kumbe umeme haujazimwa na chini kuna mafuta ya kukaangia. Yupo hai, mikono ndiyo hiyo.

Mzee Fundi, kama ungekuwa na nusu saa na vijana wa mtaa wetu, ungewaambia nini?

---

Fundi_Basi_Tanga

Mbagala, ningewaambia mmoja tu ashike swichi kuu. Kabla ya ndoo ya kwanza, mtu mmoja anajulikana kwamba kazi yake ni kuzima umeme kwenye mita, na mwingine kufunga mtungi wa gesi kama unafikika. Mafuta yakiwaka kwenye sufuria, funika na mfuniko, zima jiko, usiisogeze sufuria wala usimwagie maji. Kisha hesabuni watu kabla hamjaokoa televisheni. Mtu aliyeshatoka asirudi ndani, hata kwa vyeti. Halafu awepo wa kwenda kusimama barabara kuu kulielekeza gari la zimamoto, kwa vichochoro vya kwetu huyo ana thamani kuliko ndoo ishirini.

Nesi, marahaba mwanangu. Hilo la dizeli umenikamata. Nitaulizia bomba la kutolea moshi pale kituoni.

---

Theluji_Kiunoni

Nimewasoma wote, Mungu awalipe. Nimemsomea mama watoto maneno ya dada wa Msambweni, neno kwa neno. Hakusema ndiyo. Kauliza kuku wa kuchoma ni lini.

Mzee Fundi, nikienda Jumatatu kutazama tu, nibebe nini? Na leseni yangu ni ya gari dogo, boza nitaliweza?

---

Fundi_Basi_Tanga

Boza utafundishwa, ila si mwaka huu. Maji yakicheza ndani ya tangi kwenye kona yanalisukuma gari lote, kuna wenye uzoefu waliopinduka wakiwa hata hawajafika kwenye moto. Utaanza kwa kukunja mipira na kuosha magari, na usinune.

Jumatatu nenda na glavu za kazi na soksi za akiba. Mwambie yule wa matairi tangu mlangoni kwamba unataka kazi ya nje na mgongo wako ni wa kubembeleza, asije akakupa ngazi ya futi 35. Wanaume wengi wanaficha hilo wiki ya kwanza, wanakuja kulisema wakiwa hospitali.

Na uwaambie hunywi. Utaona chifu atakavyovuta kalenda ya Desemba.